Mkono Nimeuona



Wiki hii simu yangu haijapumzika. Vijana wetu wameomba ukumbi wa kanisa ufunguliwe jioni wakati wa Kombe la Dunia, litakaloanza tarehe 11 Juni 2026 kule Meksiko, Marekani na Kanada. Timu ni 48 na mechi ni 104, na kwa sababu ya tofauti ya saa nyingi zitatufikia usiku, nyingine usiku wa manane. Vijana wanasema wana televisheni na mtu wa kuunganisha nyaya. Wanachotaka ni paa na viti.

Baadhi ya wazee wetu hawajapendezwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenishika mkono nilipotoka chuo cha Biblia nikiwa sijui hata kuendesha ibada ya mazishi, aliniletea Zaburi ya kwanza. Alisema, "Mchungaji, pale imeandikwa juu ya kuketi na watu wa dhihaka. Umewahi kusikia maneno yanayosemwa mbele ya hizo televisheni?"

Nimeyasikia. Mimi huenda kutazama katika hoteli moja pale sentani kwetu, na sijifichi. Ukipita usiku wa mbio kubwa utaniona kwenye benchi la ukutani, kikombe cha chai mkononi. Mama mwenye hoteli huniwekea nafasi, na vijana wakianza lugha chafu yeye hugonga meza na kijiko, "Pasta yuko hapa." Basi wanainyoosha lugha kwa dakika kumi hivi.

Kwa hiyo leo nataka nikuzungumzie wewe mpendwa, uwe upande wa mzee au upande wa vijana, juu ya hayo maneno yenyewe. Juu ya mpira wameshaandika wengi. Mimi nataka kusema juu ya wanaokaa kando na kuzungumza.

Wenye umri wangu, tulikua na redio. Nyumbani ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na baba pekee ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kugusa kile kitufe. Sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikitangaza mpira ilitufikia huku kwenye majani chai ikiwa imechanganyika na mikwaruzo ya mvua, nasi tulimwona mchezaji ambaye hatujawahi kumwona. Huyo mzee alituacha tarehe 7 Februari 2025. Wengi mnamkumbuka zaidi kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichoanza mwaka 1966, ambamo aliuliza juu ya tabia zetu ndogo ndogo, za jirani kwa jirani. Nimewaza mara nyingi kwamba mtangazaji wa mpira ndiye aliyefaa kuuliza swali hilo. Alijua mtu anavyokuwa akitazama mchezo.

Redio ilikuwa ikisema, sisi tukisikiliza. Siku hizi picha iko mbele ya kila mtu na kila mtu ni mtangazaji. Hapo ndipo kazi ilipo.

Nikupeleke kwenye usiku wa Jumatatu tarehe 5 Agosti 2024. Olimpiki ya Paris, fainali ya mita 5,000 wanawake, saa nne usiku kupita kidogo kwa saa zetu. Hoteli ilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni na wengine dirishani kwa nje, makoti mabegani, maana Agosti huku kwetu unaijua baridi yake. Usiku ule tulikuwa na mabinti wawili. Beatrice Chebet ni wa Londiani, hapa hapa Kaunti ya Kericho. Faith Kipyegon ni wa Keringet, upande wa Nakuru, lakini mtu wa Bomet hakubali kuambiwa kwamba Keringet ni mbali. Kwa hiyo chumba kizima kilikuwa cha nyumba moja, na bado kiligawanyika. Waliokaa upande wa jiko walikuwa wa Chebet. Waliokaa upande wa barabara walikuwa wa Faith. Sijui nani alipanga hivyo.

Mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Ile ya kwanza watu huzungumza kwa utulivu. "Wanakwenda polepole." "Wanaviziana." "Yule Mholanzi yuko nyuma, msimsahau, huyo hulala halafu anaamka." Alikuwa anasemwa Sifan Hassan. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akihesabu sekunde za kila mzunguko kwa saa yake ya mkono, ingawa zilikuwa zimeandikwa kwenye kioo. Alisema haamini saa ya mtu mwingine.

Kisha, mizunguko michache ikiwa imebaki, Gudaf Tsegay wa Ethiopia akataka kupita mbele, Faith akalinda nafasi yake, na wawili hao wakagongana mikono na mabega. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Wakaendelea. Kengele ikalia Faith akiwa mbele. Kwenye mita mia za mwisho Chebet akatoka upande wa nje kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni, akampita, akamaliza kwa dakika 14 na sekunde 28.56. Faith wa pili, Hassan wa tatu. Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika michezo ile. Sitaeleza kelele. Kikombe kimoja kilivunjika na mwenye hoteli hakuuliza ni nani.

Halafu ikaja habari kwamba Faith ameondolewa kwenye matokeo kwa kumzuia mwenzake.

Wapendwa, ukitaka kujua kilichomo moyoni mwa watu, usiwaangalie wakishangilia. Waangalie dakika ya habari mbaya. Pande zote mbili za hoteli ziligeuka kuwa upande mmoja. "Wametuonea!" "Hawa watu hawataki tushinde mbili." "Yule Muethiopia ndiye aliyeanza!" Yakasemwa na mengine juu ya Tsegay, juu ya mwili wake na nchi yake, ambayo siyarudii hapa. Mzee wangu wa Zaburi ya kwanza angekuwepo, angeondoka, na ningemwelewa.

Katikati ya yale yote kijana mmoja wa boda boda, hajafika hata miaka ishirini, akasema bila kupaza sauti: "Lakini mkono nimeuona."

Chumba kikamgeukia. "Mkono gani?" "Wa Faith. Aliunyoosha." "Wewe ni Muethiopia?" "Umetumwa na nani?" Mmoja aliyekuwa amemwahidi chapati akatangaza mbele ya watu wote kwamba chapati ile imefutwa. Kijana hakukasirika. Alisema, "Mimi nampenda Faith kuliko ninyi nyote. Picha yake iko kwenye pikipiki yangu. Lakini mkono nimeuona. Na yule mwingine naye alikuwa anasukuma, hilo pia nimeliona."

Yule mwalimu mstaafu akainua mkono kama yuko darasani. "Basi tunyamaze, tutazame wakirudia." Picha zikarudiwa. Ukizitazama mara ya kwanza unamwona mmoja, ukizitazama mara ya tatu unawaona wote wawili. Pale ndipo yalipoanza mazungumzo ya kweli. Mmoja akauliza, anayelinda nafasi yake ana haki gani, na anayetaka kupita ana haki gani. Mwingine akasema mstari wa ndani ni kama njia ya kwenda mtoni: ni ya wote, lakini aliyetangulia hawezi kusukumwa kwenye tope. Dereva wa lori la majani akapinga, akasema barabarani kuna sheria ya kupita, na anayepitwa naye ana wajibu wa kutozuia. Nilikaa nikisikiliza watu ambao hawajasoma sheria wakichambua neno "kuzuia" vizuri kuliko nilivyowahi kuchambua andiko lolote usiku wa Jumatano.

Mithali 18, mstari wa 17, usome mwenyewe. Suleimani anasema kwa namna yake kwamba anayezungumza kwanza huonekana ana haki, mpaka atakapokuja mwenzake akamhoji. Nilitaka kuwatajia mstari huo usiku ule, nikanyamaza. Walikuwa wanautenda tayari.

Kenya ilikata rufaa. Usiku ule ule majaji wakamrudishia Faith medali yake ya fedha. Walioamka kusikia habari waliamka, waliolala waliambiwa asubuhi. Kesho yake kijana wetu alipopita na pikipiki wakamzomea: "Umeona? Mkono uko wapi?" Naye akajibu, "Majaji wamepima yote. Mimi nilisema nilichokiona."

Nimelikumbuka jibu hilo kwa sababu ya jambo lililotokea miezi kadhaa baadaye. Kulitokea ajali kwenye kona moja ya barabara yetu, pikipiki na lori lililobeba majani. Aliyeumia alikuwa wa steji yao. Namshukuru Mungu alipona, ingawa mguu wake haujawa kama zamani. Wenzake wote walikuwa na neno moja: lori ndilo lililohama upande. Wazee walipoketi kusikiliza pande mbili kabla mambo hayajaenda mbali, waliwaita mashahidi mmoja mmoja. Alipofika kijana huyu alisema kwamba mwenzake ndiye aliyepita kwenye kona, na kwamba lori nalo lilikuwa na kasi isiyofaa mahali pale. Yote mawili. Kama kawaida yake.

Ilimgharimu. Hakupewa nafasi pale steji kwa majuma matatu, na mtu wa boda boda asiye na steji hana chakula. Mama yake alikuja kwangu akilia, akiuliza kwa nini mwanawe hawezi kufunga mdomo kama watoto wa wengine. Kutoka 23 inatuonya tusiufuate umati tunapotoa ushuhuda, na mimi nimehubiri juu ya hilo mara mbili tatu nikiwa na suti na kipaza sauti. Huyu mtoto alikuwa amefanya mazoezi yake hotelini, juu ya jambo lisilo na uzito, mbele ya watu waliomnyima chapati.

Sisemi kila anayetazama mbio atakuwa shahidi mwaminifu. Nasema mdomo huzoea. Unayesema "mpira ulitoka" wakati umeuona haukutoka, kwa sababu tu timu yako inafungwa, unauzoesha mdomo wako kitu. Hakuna atakayekukamata. Na bado unauzoesha.

Sasa niwageukie vijana, maana nimewatetea vya kutosha.

Kuna mtu mmoja ambaye katika hoteli ile hazungumzi kabisa. Utamjua kwa urahisi. Wengine wanatazama ukutani, yeye anatazama simu. Bao likifungwa, wengine wanaruka, yeye anahesabu. Ameweka mkeka. Siku hizi haungoji hata mechi iishe. Wanakubeti kona inayofuata, kadi inayofuata, nani atafunga dakika kumi zijazo. Nimemwona kijana ambaye timu anayoipenda imeshinda na uso wake ukawa kama wa mfiwa, kwa sababu imeshinda kwa mabao mawili naye alihitaji matatu. Ukimuuliza juu ya ile pasi nzuri hakuiona. Ukimuuliza beki alikosea wapi hajui. Amekaa pale dakika tisini na hakuuona mchezo.

Pesa ya mama ya bonasi ya majani imeishia huko, nyumba zaidi ya moja, na mnajua ninasema juu ya nani na hamtanisikia nikimtaja. Mwanamke anachuma majani mawili na chipukizi mwaka mzima, mgongo umepinda, mvua ya mawe ikimpiga na kuharibu nusu ya shamba, halafu bonasi ikiingia kwenye simu inatoka usiku mmoja kwa sababu ya kona iliyokuwa ipigwe Uingereza. Juu ya hilo niko na wazee moja kwa moja. Haliingii katika ukumbi wa kanisa.

Lakini angalieni jambo ambalo mimi limenishangaza: kubeti kunaua mazungumzo kabla hakujaua mfuko. Anayezungumza kuhusu mchezo bado yuko pamoja nasi. Aliyenyamaza, mfuateni.

Hapo ninataka kukaa kidogo, kwenye kunyamaza, kwa sababu kuna mtu mmoja amenipa ruhusa niandike habari zake mradi nisimtaje jina.

Ni mzee wa kanisa letu. Alichuma chai kwenye mashamba makubwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mashine zilipoanza kuchuma badala ya mikono na nafasi yake ikaisha. Mwaka huo huo mke wake akafariki. Alikuja kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho, akanishika mkono mlangoni, akaenda. Nilimtembelea nyumbani mara nyingi. Alinipa chai, akanipa na mursik, tukakaa. Nilimuuliza anaendeleaje, akasema, "Tuko." Nilimwombea, akasema, "Amina." Nilikwenda na akina mama, nikaenda na wazee wenzake. "Tuko." Ilikuwa miezi saba.

Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, siku nne baada ya ile ya 5,000, kulikuwa na fainali ya mita 10,000. Sijui nani alimleta. Nilimkuta ameketi karibu na mlango, kofia mkononi.

Mita 10,000 ni mbio za mazungumzo. Mizunguko ishirini na mitano, nusu saa na zaidi kidogo, na kwa muda mrefu hakuna kinachotokea ambacho mtoto angekiona. Dada yetu mmoja wa ushirika huu anayefanya kazi ya uuguzi Marekani aliniambia kwamba kule kuna besiboli, na mchezo wenyewe umejaa nafasi za kungoja kati ya rusho moja na jingine. Watu wanakaa na njugu zao wakizungumza, atarusha mpira gani sasa, kwa nini yule amesogea kushoto, na jirani asiyekujua anakujibu. Mara ya kwanza alidhani hawatazami. Baadaye akaelewa kwamba huko ndiko kutazama kwenyewe. Niliposikia hivyo nilisema, basi hiyo ni kama ile ya mizunguko ishirini na mitano.

Kwenye mzunguko wa nane hivi, mzee akasema, "Huyo anayeongoza hatafika. Tazameni mabega yake."

Watu wakageuka. Mtu aliyemjua tangu utoto alikuwa hajaisikia sauti yake tangu mazishi. Mwalimu mstaafu, Mungu ambariki, hakufanya jambo kubwa. Alimuuliza tu kama vile wamekuwa wakizungumza jioni nzima, "Mabega yana nini, Mzee?"

"Yamepanda. Mtu akichoka mabega yanapanda kabla miguu haijachoka. Mke wangu alikuwa hivyo akibeba kikapu. Nikiona mabega yamepanda najua hatafika kwenye mizani kabla ya mvua, nakwenda kumpokea."

Kimya kidogo. Mwalimu akasema, "Na Chebet?" Mzee akatazama. "Yake yako chini."

Aliendelea kuzungumza mpaka kengele. Alituambia juu ya Wilson Kiprugut Chuma, mtu wa Kericho, aliyeleta medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi hii, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, na jinsi wao wakiwa wadogo walivyogombania nani awe Kiprugut wanapokimbia kwenda shule. Alituambia kwamba mke wake alikuwa na mbio kuliko yeye, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu. Watu wakacheka. Naye akacheka. Kisha mzunguko wa mwisho, Chebet akafyatuka, Nadia Battocletti wa Italia akamfuata mgongoni mpaka mstari, dakika 30 na sekunde 43.25 kwa 43.35. Sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kilomita kumi. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo kabla yake. Mzee alikuwa amesimama, kofia imeanguka, akipiga kelele "Songa! Songa!" kama vile binti anamsikia kutoka Londiani hadi Paris.

Jumapili iliyofuata nilimuuliza mlangoni anaendeleaje. Alisema usiku hapati usingizi, na anaomba nimtembelee Jumanne ana jambo. Nilikwenda. Tulikaa mpaka taa ikaisha mafuta. Aliyoyasema ni yake.

Nimesoma chuoni namna ya kumfariji mfiwa. Tulikuwa na somo zima, na lilikuwa somo zuri. Mwalimu wetu huyo huyo ndiye aliyetueleza kwamba karibu na Korintho kulifanyika Michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na kwamba Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji uwanjani anawaandikia watu walioijua michezo hiyo. Mimi huongeza jambo ambalo mwalimu hakulisema, mnivumilie: Paulo alikuwa fundi wa mahema, na wageni wa michezo huhitaji mahali pa kulala. Sidhani alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu bila kusikia watu wakibishana juu ya nani alianza mapema. Na Waebrania 12 inapotaka kutupa moyo inatuweka mbele ya watazamaji, wengi kama wingu. Mimi husoma sura ile nikijiuliza wanasema nini huko juu wakitutazama. Sidhani wanazomea.

Maana kuzomea ndiko kunakoniuma. Tarehe 22 Agosti mwaka 2025, Harambee Stars walicheza na Madagascar robo fainali ya CHAN kule Kasarani. Mnakumbuka. Tulikuwa tumeishinda DR Congo, tukaishinda Morocco tukiwa wachezaji kumi, tukaishinda Zambia, na nchi nzima ilikuwa imejifunza majina ya wachezaji ambao Julai hakuna aliyewajua. Ikawa moja kwa moja mpaka muda wa nyongeza ukaisha, na kwa penalti tukatoka, nne kwa tatu. Penalti ya kwanza kukoswa, vinywa vikafunguka. Yule aliyeitwa simba wiki mbili zilizopita akawa hafai kuvaa hata soksi. Na nikaona wavulana wadogo wamekaa sakafuni mbele, wa darasa la nne, la tano, wakitugeukia sisi watu wazima badala ya kutazama televisheni. Walikuwa wanajifunza mtu anayekosa hutendewa nini.

Mama wa hoteli ndiye aliyesema. Hakugonga kijiko. Alisema, "Huyo ni mtoto wa mtu, na mama yake anatazama." Basi. Wengine wakanyamaza, wengine wakatoka nje wakaendelee huko.

Kwa hiyo, mzee wangu, unasema kweli: watu wa dhihaka wako pale. Lakini pale yuko na mwalimu aliyeuliza juu ya mabega, na yuko mama huyo, na yuko kijana wa mkono. Televisheni zitawashwa Juni, sisi tutake tusitake. Swali langu kwa baraza ni watoto wetu watakaa karibu na nani.

Baraza linaketi Alhamisi saa kumi jioni, na neno langu litakuwa hili. Ukumbi ufunguliwe kwa mechi zinazoisha kabla ya saa sita usiku. Zile za alfajiri kila mtu abaki kwake, kuna kuchuma asubuhi na watoto wana shule. Simu ya kubeti haiingii; atakayeonekana na mkeka atasindikizwa nje kwa upole, na Jumanne nitakuwa mlangoni kwake. Wazee wawili wawepo kila usiku, na nimeomba yule mwalimu mstaafu awe mmoja wao, amekubali, atakuja na saa yake. Mama wa hoteli atauza chai mlangoni ili tusimharibie biashara. Mafuta ya jenereta tutachanga, maana stima ya huku mnaijua mvua ikinyesha. Viti vya plastiki ni themanini tu, kwa hiyo mwenye kigoda aje nacho.

Na kogo mmoja, miaka themanini na kitu, amenitumia mjukuu wake kuuliza kama atawekewa kiti cha mbele, kwa sababu macho yamepungua lakini anataka kuwaona wale vijana wakiimba nyimbo za mataifa yao. Nimemjibu kwamba nikipitishiwa Alhamisi, kiti chake ni cha kwanza.